Mama Emérence na Kambale wa Ukutani

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi, Mama Masika Vagheni Emérence anastaafu tarehe 31 Julai 2003. Wakubwa wameniomba niandike wasifu mchangamfu. Nitajaribu, ingawa sisi wa nyumba hii tumechoka, na yeye amechoka kutuzidi sote.

Alianza Mei 1972, mwaka ambao gereza hili la zamani la Butembo liligeuzwa kuwa nyumba ya kumbukumbu. Wakoloni walilijenga, uhuru ukalikuta limejaa, na uasi wa 1964 ukalijaza tena. Kazi yake ilikuwa kuwatembeza wageni: uwanja, jiko, vyumba sita, kisha ukuta wa mwisho, wenye majina ambayo wafungwa waliyaandika kwa makaa. Amepanda na kushuka ngazi za hapa mpaka magoti yamekataa kazi kabla yake.

Alikuwa na desturi ya kuwafungia wageni chumbani kwa dakika moja, ili walionje giza. Mwaka 1986 kufuli liligoma. Ndani walikuwemo wanafunzi kumi na wanne kutoka Bungulu, pamoja na mwandishi wa mistari hii, mgeni wa kazi wakati ule. Tulikaa humo saa mbili, fundi akitafutwa. Mama Emérence alisimama nje ya mlango akaendelea na maelezo yake, na hakuruka hata mwaka mmoja.

Waasi wa safari hii walipofika, mwaka 1999, walitaka vyumba vyetu wavitumie kama zamani. Kamanda wao aliambiwa avue kofia, akatembezwa saa moja na nusu kama mgeni yeyote, akaondoka amelegea. Tulicheka sana siku ile. Wiki mbili baadaye walirudi bila kuomba kutembezwa, wakakaa miezi saba. Lakini Mama Emérence alikuwa ameshasukuma kabati la biro, yaani ofisi yetu, mbele ya ukuta wa majina, na kila asubuhi alikuja kufagia pale pale, mtu asije akalisogeza. Walipaka chokaa nyumba nzima isipokuwa nyuma ya lile kabati.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Ukutani kuna majina arobaini, na karibu yote tunajua ni ya nani. Moja tu hatulijui: Kambale, basi, bila jina la pili. Kwetu Wanande mtoto wa pili wa kiume ni Kambale, kwa hiyo karibu kila nyumba inaye. Familia kumi na moja zimekuja kumdai. Mzee mmoja wa Alimbongo aliweka mkono juu ya herufi, akasema, «Njo mwandiko ya mutoto yangu, Mama. Mi niko naijua.» Mama Emérence akamjibu kama alivyowajibu wote: «Iko yako, papa. Bakia nayo kwanza.» Kisha akatoka kuandika jina la familia kwenye daftari lake.

Nilimlaumu. Nilimwambia hawezi kuwapa watu kumi na mmoja marehemu mmoja. Akaenda zake kufagia.

Mwezi uliopita ilifika barua ya wakubwa wa Beni, na fomu ndani yake: kutawekwa bamba la shaba, kila jina na familia yake, na kwa Kambale tuchague familia moja. Biro nzima ikamgeukia yeye. Hapo ndipo alipotuambia, ameketi, viatu amevivua. Kaka yake alikamatwa sokoni mwaka 1964, Mama Emérence akiwa na miaka kumi na saba, na kaka hakurudi. Alikuwa mtoto wa pili wa kiume wa mzee Vagheni, baba yao.

«Pengine ni yeye, pengine hapana,» alisema. «Bale batu banatoka mbali, banapanda mulima, banafika banachoka. Donc, basi, nibaambie ni wangu?»

Nilitamani ardhi inimeze. Miaka yote ile alikuwa akiwapisha wengine.

Aliijaza fomu kwa mkono wake. Nafasi ilikuwa ya familia moja, yeye akazipanga zote kumi na moja, moja chini ya nyingine, mpaka pembezoni mwa karatasi. Akaniachia niipeleke Beni.

Mama Emérence, asante kwa kazi, na asante kwa uvumilivu wako kwetu sisi wenye midomo mirefu. Tunakuombea magoti yapate nafuu, viazi vyako vizae, na asubuhi zako zipite bila mtu kukungoja mlangoni. Ila tusamehe jambo moja, maana hatukukuomba ruhusa. Kabla fomu haijaondoka tulikusanyika bironi, na chini ya familia ya kumi na moja tukaandika ya kumi na mbili: Vagheni. Tumesaini sote, na wa kwanza kusaini ni mimi.

Ézéchias, biro ya mapokezi