Ustaz Jada, Mwalimu wa Kuruka Asiyeruka

Baada ya miaka ishirini na saba ya kufundisha, Mwalimu Jada Gune anastaafu rasmi tarehe 30 Novemba 1978. Alianza kazi hapa Juba mwaka 1951, akaiendeleza uhamishoni Uganda chini ya turubai wakati wa vita, na tangu 1973 amekuwa mwalimu wetu wa mazoezi ya viungo hapa shuleni Nyakuron. Nimeombwa niandike kwa ufupi. Naomba radhi mapema: nimeolewa wiki sita tu zilizopita, na siku hizi siwezi kuandika kwa ufupi juu ya kitu ninachokipenda.

Waliomjua ujanani wanasema aliruka kamba iliyofungwa usawa wa paji la uso wake, na wasichana walitoka mtaa wa Hai Jalaba kuja kumtazama. Mkewe, Mama Tombe, anasisitiza kwamba yeye alikuja kuuza karanga tu. Hatumwamini hata kidogo!

Wakati huo alifundisha kama alivyofundishwa: filimbi, mistari minne, watoto arobaini wakiinua mikono kwa hesabu moja. Mwalimu aruke, watoto waige. Aliyeshindwa alirudi nyuma ya mstari.

Mwaka 1970, katika michezo ya walimu huko Uganda, alitua vibaya kwenye ardhi kavu. Goti la kulia halikukunjika vizuri tena. Aliporudi Juba hakumwambia mtu. Alijua kwamba mwalimu wa mazoezi hutakiwa kuonyesha kila kitendo kwa mwili wake, na asiyeweza huandikiwa barua ya kustaafishwa kwa maradhi. Alikuwa na watoto sita, na kazi hii aliipenda kuliko nyingine yoyote.

Basi akabuni njia yake. Aliwapanga watoto wawili wawili, aliyerudi kutoka Uganda pamoja na aliyebaki Juba. Mmoja aliruka, mwenzake alitazama. Mtazamaji alikuwa na sheria: tazama hadi mwisho, usicheke, sema jambo moja tu, kisha mbadilishane. Yeye Ustaz aliketi juu ya kreti ya soda, akitembeza macho kutoka jozi hadi jozi. Sisi wenzake, Mungu atusamehe, tulimtania kwamba anafundisha kwa makalio.

Mwaka 1975 akaja mkaguzi, Bwana Fortunato, mtu mrefu mwenye suruali iliyopigwa pasi kali. Alisimama kando ya shimo la mchanga la kurukia akauliza, "Mwalimu wa somo hili yuko wapi?" Ustaz akainuka kwenye kreti. Mkaguzi akamwambia, "Ruka, nione unavyowaonyesha."

 Nilikuwa dirishani na daftari zangu, nikaona mkono wa Ustaz ukishika goti. Kisha akasema kweli, kwa mara ya kwanza, mbele ya watu wote: "Mimi siruki, Bwana. Goti limeharibika miaka mitano sasa. Lakini chagua mtoto yeyote hapa, akufundishe wewe."

Mkaguzi alimchagua Natalina, msichana mdogo kuliko wote, nadhani ili ashindwe. Mkaguzi akakunja suruali, akaruka, akaangusha kamba. Natalina hakucheka. Alimwambia, "Bwana, unaitazama kamba. Tazama mbele." Mkaguzi akarudi nyuma, akaruka tena, akapita! Akainuka na mchanga hadi masikioni, akimeremeta kama bwana harusi, na Natalina akamwambia, "Kwes, vizuri. Sasa tubadilishane, mimi niruke, wewe utazame."

Ripoti ya siku ile ilikuwa na mistari mitatu tu, na wa mwisho ulisema njia hii ifundishwe kwa walimu wengine. Tangu hapo wamekuja kwa makundi. Shule yetu imeleta vikombe vinne vya riadha, lakini Ustaz hujivunia zaidi kwamba tangu abuni njia hii hakuna mtoto aliyerudishwa nyuma ya mstari.

Katika semina ya mwaka jana alinipanga na mwalimu mmoja kutoka Gurei, jina lake Paulino. Niliruka vibaya mno. Alitazama hadi mwisho, hakucheka, akasema jambo moja tu: "Vua viatu kwanza, Mwalimu." Leo ni mume wangu, na bado sheria ni ile ile. Juzi niliunguza asida, ugali wetu wa hapa. Aliila yote, akasema, "Kesho nipike mimi." Tukabadilishana. Ustaz, nyumba yetu ni kazi ya mikono yako!

Wiki iliyopita barua ya kustaafu ilifika. Ustaz aliingia nayo chumba cha walimu akichechemea, akamwomba mwalimu mkuu aisome kwa sauti. Ilisema kwamba Mwalimu Jada Gune anastaafu kwa kutimiza umri. "Rudia hapo," alisema. Mwalimu mkuu akarudia. "Umri!" Ustaz akatugeukia sote, macho yamemjaa maji. "Mmesikia? Umri. Si goti."

Ustaz wetu, tunakuombea siku ndefu zenye amani pamoja na Mama Tombe, kivuli kizuri na karanga za kutosha. Tumekutazama hadi mwisho, na hatukucheka, isipokuwa kidogo. Tuna jambo moja tu la kusema: ahsante.

Sasa tubadilishane. Wewe keti, sisi turuke.