Bolti Zilizofunguliwa Mapema: Maisha ya Fundi Wenceslaus Masatu

Baba Padri, wazee wa Kiriba, nanyi nyote mliotoka Musoma, Bunda na Butiama, familia imenituma mimi Eufrasia, binti mkubwa wa marehemu, niwasomee maisha ya Wenceslaus Masatu kama mwenyewe alivyotaka yasomwe, yaani bila kuruka kitu.

Marehemu alizaliwa hapa Kiriba tarehe 14 Machi 1938, mtoto wa tatu wa mzee Bernado Masatu, mvuvi na mkulima wa mihogo. Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1948 hadi 1952, akaishia darasa la nne, kwa kuwa baba yake alihitaji mikono ya kuvuta nyavu, kazi ambayo marehemu aliichukia waziwazi, akisema samaki hapimiki kwa rula. Mwaka 1957 alikwenda Musoma mjini akajifunza kuchomelea, tarehe 6 Januari 1968 akaajiriwa katika kiwanda cha kuchambua pamba Bunda, na tarehe 30 Juni 1979 akaacha kazi, akafungua karakana yake palepale Bunda, njia ya kwenda Guta.

Tarehe 12 Septemba 1964 alifunga ndoa na mama yetu, Dafroza, wakajaliwa watoto sita, wawili wametangulia.

Miaka ile ya shida, sabuni ikiwa ya foleni na spea hazionekani, magari mengi yalipasuka mabomba ya ekzosi pale yanapotokea kwenye injini, na marehemu ndiye aliyeyaunda upya kwa vipande vya chuma chakavu. Kuchomelea wanajua wengi, lakini chuma kikipata moto upande mmoja hupinda, na uso wake usipolala sawasawa kwenye injini, moshi wenye sumu hupenya hadi alipokaa dereva. Marehemu aliifunga kazi kwa bolti kwenye bamba nene la chuma, akachomelea nukta hapa, nukta kule, akaipumzisha, akaendelea, kisha akaiacha imefungwa kwa bolti mpaka ipoe yenyewe, hata kama ni kesho. Wateja waliponung'unika aliwaambia, "Mimi nafunguaga ikiwa ya baridi, mwenye haraka aende kwingine," wala hakuna aliyekwenda.

Tarehe 22 Aprili 1986, Clementi Werema, dereva wa pikapu kutoka Butiama, alileta gari lake lenye bomba la ekzosi lililopasuka. Umeme ulikuwa umerudi baada ya siku tatu, lori la mahindi lilikuwa likingojea bamba lilelile, na marehemu alitaka amalize kazi zote mbili kabla umeme haujakatika tena, hivyo akafungua bolti za kazi ya Clementi chuma kikiwa bado cha moto, akakimwagia maji. Kilipinda, na alikiona kimepinda, lakini alikikaza kwa nguvu kwenye injini, akajiambia kitanyooka.

Kesho yake mvua ilimzuia Clementi kwenye barabara ya Buhemba, akafunga vioo, akaacha injini ikiunguruma, akingoja mto upungue. Alikutwa amekufa kwenye usukani, akiwa na miaka ishirini na sita. Nyuma ya kiti palikuwa na chupa ya gongo ya abiria aliyeshuka mapema, watu wakasema kijana alilewa, akalala injini ikiwaka. Marehemu aliitwa atazame gari, akapitisha wembe wa msumeno kati ya bomba na injini, ukapenya wote kwenye mwanya wa chuma kilichopinda, akafunga boneti na kusema kazi yake ni nzima. Clementi akazikwa kama mlevi.

Baadaye biashara ilipofunguliwa, maduka ya Musoma yakajaa mabomba mapya kutoka nje, marehemu akawa mtu wa kimya, na wengi tulidhani ni kwa kukosa wateja. Haikuwa hivyo.

Oktoba 1991 alianza kuugua kifua. Mama Boke, mama mzazi wa Clementi, alikuwa akija kumwona karibu kila Alhamisi na maziwa mgando, akikumbuka kwamba marehemu alilia sana kwenye maziko ya mwanawe. Marehemu aliyanywa, na mama huyo akishaondoka aligeukia ukutani. Tarehe 11 Julai 1993 alinieleza mimi yote, akaniagiza niyaandike. Nilimsihi amwambie Mama Boke mwenyewe, naye alikataa kwa woga, na woga huo unatuuma watoto wake kuliko kifo chake. Alifariki hospitalini Musoma tarehe 4 Agosti 1993, saa tisa alasiri, akiwa na miaka hamsini na mitano.

Jana tulikwenda Butiama, tukapiga magoti mbele ya Mama Boke, tukamwambia. Alisema, "Someni kwa watu wote, maana mtoto wangu walimsemaga kwa watu wote."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Kiriba waliochimba kaburi, na mafundi wa Bunda waliofunga karakana zao leo. Mama Boke, umekuja, na kwako hatuna shukrani inayotosha, wala hatukuombi msamaha wa haraka.

Clementi Werema, hukuwa umelewa, pumzika kwa amani. Baba, nawe pumzika, tumeshasema.