Nilimfukuza Nguruwe, Mafua Yakabaki Ndani

Hebu niambieni, nani hapa amewahi kumwomba nguruwe msamaha? Mnacheka! Mimi nimemwomba, tena mbele ya watu. Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Kaeni vizuri, bibi yenu ana neno.

Mnanijua, mimi ni wa hapa hapa Gendabi. Shule niliishia la pili, nikikosea mnisamehe. Siku zile mashamba ya ngano ya serikali yalikuwa bado yanalimwa, ingawa mitambo imeshachoka. Mwanangu Danieli alikuwa anaendesha kombaini, ile mashine ya kuvunia, kule. Mkewe alikuwa ameenda kwao Dongobesh kujifungua, kwa hiyo mjukuu wangu Resti, wa miaka minne, nilibaki naye mimi. Kitanda kimoja, shuka moja. Hata chooni ananifuata, yule!

Basi redio ikatangaza mafua ya nguruwe. Mimi nilisikia neno moja tu: nguruwe! Wala sikungoja tangazo liishe. Nilikuwa na jike langu, mnene, mpole, tunamwita Shangazi kwa jinsi anavyopenda kuguna. Nikamfunga kamba mguuni, nikamburuta mpaka ng'ambo ya korongo kwa shemeji yangu. Kelele zake kijiji kizima kinasikia!

"Shemeji, huyu amekosa nini?"

"Ana mafua."

"Kwa hiyo umeona niugue mimi!"

"Wewe mfunge tu, shemeji, maneno baadaye."

Nikarudi, nikafagia banda, nikamwaga majivu. Nikamwambia Resti, sasa tumepona.

Jumamosi Danieli akaja kutoka shambani. Anakohoa kikohozi kikavu, homa, kichwa kinamgonga, mwili wote unauma. Anasema kule kambini wanalala wengi chumba kimoja, na nusu yao wanakohoa hivyo hivyo. Nikamwambia, mwanangu, hilo ni vumbi la ngano. Tukanywa togwa kwenye kibuyu kimoja, anakunywa yeye, napokea mimi. Akarudi kazini. Siku mbili tatu, na mimi koo linawasha, pua inatiririka. Nikasema ah, baridi ya mlimani.

Sasa sikieni nilichofanya. Si mnajua sisi tunavyobariki watoto? Mtoto akiamka, bibi anamtemea mate kidogo, paji la uso na viganja, "Ukue, unenepe, ufike mbali." Ndugu zangu, nilimbariki Resti kila asubuhi, na mafua yangu yote!

Akashikwa ghafla. Asubuhi anakimbiza kuku, mchana anawaka moto. Akakohoa, akatapika, akakataa hata maziwa ya mgando. Kesho yake kumekucha tu, naona anahema haraka haraka, mbavu zinaingia ndani, midomo imebadilika rangi. Nikamfunga mgongoni nikakimbilia zahanati. Njia nzima namwambia Yesu, kama lazima mmoja aende, chukua mimi, huyu hata meno hajaanza kung'oa!

Zahanati yetu ilikuwa na nesi Mwanaidi, binti wa Kiislamu kutoka Tanga, mtoto mzuri sana.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu, niokolee huyu!"

Mikono yake inafanya kazi, mdomo unauliza. "Nyumbani nani anaumwa?"

"Hakuna! Tena na nguruwe nimeshamtoa!"

Hapo hapo nikapiga chafya. Ndugu zangu, ikamfikia usoni! Akajifuta, akaniangalia.

"Bibi, umemtoa nguruwe, chafya ukabaki nayo."

Akanieleza huku ananawa mikono. Hilo ni jina tu, bibi. Sasa hivi mafua haya yanatoka kwa mtu yanaenda kwa mtu. Kwa chafya, kwa kikohozi, kwa mikono, kwa kibuyu cha pamoja, kwa mate.

Aliposema mate, nikakumbuka baraka zangu za kila asubuhi. Nikakaa chini kwenye sakafu.

Mungu ni mwema! Lori la ngano lilikuwa linapita, Mwanaidi akalisimamisha katikati ya barabara, tukapelekwa hospitali. Wakamwekea Resti mpira wa hewa puani, wakampa dawa. Mimi wakaniambia, mama, una mafua, funika mdomo na pua, kaa kule mlangoni. Kule mlangoni! Mtoto niliyelala naye kila siku, namwona kifua kinapanda na kushuka, na siwezi kumshika! Nikalia kwenye kitambaa changu. Nikasema, Bwana, mate yangu yamemwumiza. Mbariki wewe kwa mkono wako, mimi nimeshindwa.

Siku mbili amelala tu. Siku ya tatu akafumbua macho, akatazama huku na huku, akaniona mlangoni. "Bibi, Shangazi yuko wapi?"

Haleluya! Nilicheka mpaka wauguzi wakaja mbio!

Tuliporudi nikavuka korongo, nikamfungua Shangazi, nikamwambia nisamehe mama, hukuwa na kosa. Shemeji yangu alianguka kwa kicheko, mpaka leo akiniona anapiga chafya ya uongo.

Ndugu zangu wapenzi, Mungu aliniponyea mtoto, na alitumia mikono ya Mwanaidi. Mwamini Mungu, na nesi umsikilize! Ukikohoa, tumia kiwiko, si kiganja. Nawa kwa sabuni. Kila mtu na kikombe chake, fungua dirisha, ukiugua baki nyumbani. Mtoto akihema kama alivyohema Resti, usingoje hata dakika, mbio hospitali. Wewe mwenye hofu leo, Yesu aliyenisikia pale mlangoni na wewe atakusikia.

Na kubariki nabariki bado, ila sasa nanawa kwanza, naweka mkono kichwani. Siku ya kwanza Resti alinusa kiganja changu, akasema baraka siku hizi inanukia sabuni. Halafu akaniahidi: "Bibi, nikipata mafua sitakuja kitandani kwako. Nitakupungia mkono mlangoni, kama ulivyokaa wewe. Nikipona, nitakukumbatia mara mbili."