Benchi Halijakauka

Kwanza niseme ukweli, maana wenzangu hawatausema: benchi tunalokalia si letu. Letu lilivunjika mguu siku Bajeti alipotuonyesha kwa kuruka jinsi bei zinavyopanda. Hili aliliagiza mwalimu mmoja wa ushonaji kwa Fundi Randa, seremala wetu. Ni refu, lina egemeo, na nyuma ya egemeo lina vigingi saba vya kutundikia mifuko ya wanafunzi wake saba. Randa alilitengeneza vizuri, nisimnyime haki yake, akalipaka vanishi na kulitoa nje ya karakana likauke. Likakauka siku hiyo hiyo. Kesho yake tukalikalia, kulijaribu tu. Hii ni wiki ya tatu tunalijaribu. Mwalimu akipiga simu, Randa anamjibu kwa upole kwamba vanishi ya siku hizi inachelewa kukauka. Juzi nilimsikia mama wa watu kwenye spika ya simu akimsihi: darasa linafunguliwa Jumatatu saa nane mchana, na wasichana hawana pa kukaa. Mimi nashona viatu hatua tano kutoka hapo. Nilisikia, nikanyamaza, nikaenda kukaa.

Basi Jumatatu ikafika, asubuhi, jua zuri, na Shangazi muuza kahawa ameshapuliza jiko. Bajeti, karani mstaafu asiyeachana na redio, akaitundika redio yake kwenye kigingi cha kwanza.

— Uchumi wa nchi umekua, akatangaza. Nimesikia sasa hivi.

— Umekulia wapi? Shangazi akauliza huku anamimina. Maana hapa haujapita.

— Shangazi, uchumi hauji kusalimia watu. Unakua kwa barabara, bandari, umeme na viwanda. Nchi ikiuza nje kuliko inavyonunua, imeshatoka.

Kinyozi akatundika taulo lake kwenye kigingi cha pili, akakaa, akanyoosha miguu.

— Bajeti, wewe unasoma vitabu vya watu waliokwisha kufa. Nchi inakua kwa nywele.

— Haya, ameanza, nikasema.

— Nisikilizeni. Mtu akishanyolewa vizuri, atakaa nyumbani? Hakai. Atatafuta pa kukipeleka kichwa chake. Akitoka, ananunua kitu, anaonana na mtu, anapata kibarua. Serikali iamuru kila mtu anyolewe kila wiki, uone mwaka mmoja tu.

— Na wenye vipara? Bajeti akauliza.

— Wao wameshaendelea.

Tulicheka mpaka kahawa ya Bajeti ikamwagikia suruali. Nami sikutaka kuachwa nyuma, nikawaambia siri ya kazi yangu. Nchi unaisoma kwenye soli. Soli zikiisha mbele, watu wanakimbilia kazi. Zikiisha nyuma, watu wanaburuta miguu, na hapo hata mlete wataalamu mia, hamna kitu.

— Za mtaa huu zinaishaje? Kinyozi akauliza.

— Za mtaa huu haziishi. Zinaoza. Watu wamekaa.

Hapo Randa, aliyekuwa ametundika koti lake kwenye kigingi cha tatu, akainua kikombe.

— Fundi viatu umegusa penyewe, ila hujui ulichogusa. Angalieni nchi tajiri. Nyingi zina baridi. Kwa nini zimeendelea? Si akili. Ni kwamba huko huwezi kukaa nje. Ukikaa nje asubuhi, mchana wanakuja kukubandua kwa shoka. Kwa hiyo mtu anaingia ndani, na akishaingia ndani afanye nini? Anafanya kazi.

— Kwa hiyo dawa yetu ni baridi? Bajeti akauliza, na alikuwa anauliza kwa dhati.

— Baridi ya serikali. Mapangaboi makubwa kila kona.

— Umeme wa kuyazungusha utoke wapi?

— Ndiyo hizo bandari zako zifanye kazi.

Ubishi uliendelea kupamba moto namna hiyo mpaka mchana, alipofika dada mmoja na mkokoteni mtupu. Alikuwa na futi ya kupimia nguo shingoni na jasho usoni. Akasimama, akatutazama.

— Habari za mchana, kaka zangu. Shikamoo, Shangazi.

— Marahaba, mwanangu. Pumzika kwanza, unywe kahawa.

Randa aliisikia ile sauti. Nilikiona kikombe chake kikiganda hewani. Bajeti, ambaye adabu ndiyo kazi pekee iliyombakia, akajisogeza na kupangusa nafasi kwa kiganja.

— Karibu, dada, kaa hapa. Benchi letu lina nafasi.

Akakaa. Akaegemea. Akapitisha mkono nyuma ya egemeo, polepole, kigingi kwa kigingi: redio, taulo, koti, na cha nne aproni yangu. Kisha vitatu vitupu. Nilitamani ardhi inimeze pamoja na viatu vya wateja.

— Tunajadili kinachokuza uchumi wa nchi, Kinyozi akamwambia kwa furaha, kwa kuwa hakuwa amemtambua. Wewe unasemaje?

— Mimi nashona tu, kaka. Nimekuja kumtafuta Fundi Randa. Nilitaka kujua kama vanishi imekauka.

Redio ndiyo iliyoendelea kuongea peke yake. Randa akasimama, mikono nyuma, macho chini.

— Imekauka, dada.

— Lini?

Bajeti, mwenye takwimu za miaka arobaini kichwani, akatazama kikombe chake. Kinyozi akatazama angani. Mimi nilijua tarehe na saa, nikainama kufunga kamba za viatu.

Shangazi ndiye aliyesema.

— Nyanyukeni, nyie.

Mkokoteni tuliuacha. Tulilibeba mabegani wanaume wanne, mitaa mitatu, Randa akiomba msamaha njia nzima na mwalimu akitembea mbele bila kugeuka. Saa nane kasoro tuliingia kwenye chumba chake. Wasichana saba walikuwa wamejipanga ukutani, mifuko wameikumbatia kifuani. Tukaliweka chini. Wakatundika mifuko, wakakaa wote saba kwa mara moja, na benchi halikutoa hata mlio. Mmoja akampiga mwenzake kiwiko, wakaanza kucheka bila sababu, na mwalimu akacheka nao. Randa akageukia mlango, akasema vumbi la mbao limemwingia jichoni. Mbao zenyewe zilikuwa mitaa mitatu nyuma. Mimi nilifurahi sana siku ile, sioni haya kusema, na aibu ilikuwepo pia.

Tuliporudi hapakuwa na pa kukaa. Tukasimama kidogo, miguu ikachoka, kila mtu akaenda zake. Alasiri nilisikia randa ikiparuza mbao karakanani, sauti niliyokuwa nimeisahau. Kinyozi alinyoa vichwa vinne. Mimi nilimaliza jozi sita zilizokuwa zinanisubiri tangu mwezi uliopita. Hata Bajeti alionekana akimsaidia jirani kuandika barua ya kuomba kazi.

Jioni Shangazi akaja katikati ya njia na birika lake, limejaa mpaka kwenye mdomo.

— Uchumi wa mtaa umekua, akasema, wangu umekufa. Randa, nitengenezee benchi. Langu mwenyewe, la wateja wangu, na nitakaa hapa mlangoni mpaka vanishi ikauke.

Randa akafuta jasho, akapima urefu kwa macho, akafikiri.

— Njoo Ijumaa, Shangazi.

Kinyozi akatoa kichwa mlangoni kwake, mkasi mkononi. Bajeti akazima redio. Nami nikaacha nyundo. Tukauliza wote kwa pamoja:

— Ijumaa ipi?

Randa akacheka mpaka akashika ukuta, kisha akaingia ndani na kuchukua ubao.