Mashati Nyuma ya Pazia

Benchi lenyewe ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali, nje ya duka la ushonaji, pale njia ndogo inapotokea barabara kubwa. Tundu la kitasa bado lipo, na mgeni asiyejua akilikalia hubanwa, wenyeji wakapata cha kucheka mpaka mchana. Kila asubuhi Birika, muuza kahawa, hutua jiko lake hapo, na wenye benchi lao hujileta bila kuitwa. Kuna Redio, mlinzi mstaafu, ambaye habari haijawahi kupita mikononi mwake ikatoka bila chumvi. Kuna Shemeji, kinyozi wa duka la pili, aliyemwoa dada yake fundi, basi mtaa mzima ukamfanya shemeji. Na kuna fundi mwenyewe, Futi, aliyefiwa na mke, anayelala chumba cha nyuma ya duka. Walimpa jina hilo kwa sababu hukupima kwa macho tu, ukiwa bado unavuka barabara, na shati likaja kukukaa bila kurekebishwa. Lakini tangu korona impitie mwaka jana, homa ilimtoka na afya haikurudi. Pumzi zilikuwa fupi, chakula hakikuwa na ladha, kahawa haikuwa na harufu, na mambo ya juzi yalimponyoka kichwani. Hata kwenye joto alifunga vifungo mpaka shingoni. Mikono yake ilikuwa imekonda, na hakutaka mtu aione, awe daktari au nani.

Asubuhi hiyo aliamka mzima. Aliinuka bila kizunguzungu, akafagia duka, akatoka kukaa na wenzake.

— Leo nijibuni kitu kimoja, alisema. Mimi nichanjwe lini?

Redio alimtazama Shemeji. Shemeji alitazama kikombe chake. Birika alichochea makaa ambayo yalikuwa yanawaka vizuri tu.

— Daktari amesemaje? aliuliza Birika.

— Amesema nisingoje mpaka nipone kabisa. Homa ilikwisha zamani. Siku nikijisikia vizuri niende pale zahanati nyuma ya posta, wanipime kwanza, tuzungumze, ndipo wanichome.

— Na leo unajisikiaje?

— Leo nimeamka mtu.

— Sasa siku nzuri kama hii ndiyo unaipeleka kwenye sindano? alisema Redio. Acha utani, bwana. Siku nzuri unaitunza. Zikifuatana nyingi, hapo sawa.

— Zisipofuatana?

— Zitafuatana tu. Wewe una haraka gani?

Futi alikuwa na haraka, ila hakujua aiseme vipi. Alikumbuka kitanda. Alikumbuka dada yake akimlisha kwa kijiko, mtu mzima na mvi zake. Aliogopa sindano isije ikamrudisha kule, na aliogopa ugonjwa usije ukarudi wenyewe ukamkuta alivyo sasa, hana hata nyama ya kupigana nayo. Ukweli ni kwamba aliogopa kufa, na aliogopa zaidi kufa akiwa bado anatafakari.

— Mimi naona hivi, alisema Shemeji, na akianza hivyo watu hukaa vizuri. Mwili wako ni nyumba iliyotoka kuvamiwa. Milango imevunjwa, vyombo chini. Ukileta askari saa hizi hawatajua nani mwizi nani mwenye nyumba. Watapiga wote.

— Askari wapi tena?

— Askari wa chanjo! Kwanza panga vyombo, rudishia milango, ndipo uwaite.

— Mimi milango nitairudishia lini, shemeji, na kila nikiinua nyundo nalala siku mbili?

— Ndiyo maana nakwambia subiri.

— Kuna jamaa mmoja, simtaji, alisema Redio. Naye pua ilikufa hivyo hivyo. Akachanjwa bado mchovu. Kesho yake pua ikafunguka, lakini ikafunguka kupita kiasi. Anasikia harufu ya wageni watakaokuja kesho.

— Wee Redio! alisema Birika. Jana hiyo ilikuwa ni sikio.

— Sikio ni mwingine.

Walicheka. Futi naye alicheka kidogo, ila neno "jana" lilimkwama. Jana alikuwa wapi? Alitafuta, akaona kitanda tu, na dari. Akaliacha lipite.

— Kuna jambo jingine, alisema, akashusha sauti. Leo nimekuta shati jingine nyuma ya pazia.

— Shati gani?

— Shati. Limeshonwa, limepigwa pasi, limetundikwa pale wateja wanapojaribia nguo. Si la mteja yeyote ninayemjua. La kwanza nililikuta zamani kidogo, nikasema labda nimesahau oda. La pili nikasema hivyo hivyo. Sasa yako manne.

— Kashona nani?

— Mshono ni wangu. Mimi nikimaliza uzi napiga fundo langu, fundi mwingine halijui. Fundo lipo. Lakini sikushona mimi.

— Mlango je?

— Umefungwa kwa ndani.

Redio alisogea mbali kidogo na mlango wa duka, akijifanya anatafuta kivuli.

— Umeyatazama vizuri? aliuliza Shemeji.

— Nilitazama fundo. Nikaliachia pazia.

Kweli aliliachia haraka.

— Ni mwanafunzi wako wa zamani, alisema Redio. Kakuibia mkono. Ana ufunguo.

— Ufunguo wa komeo la ndani?

— Au ni marehemu, alisema Shemeji polepole. Mkeo ndiye aliyekuwa anapiga pasi...

— Usimtie marehemu kwenye kahawa yako, shemeji.

— Nisamehe.

Birika hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa akimimina kahawa na macho yake yako kwenye kikombe.

— Mimi nasema ni huo ugonjwa, alisema. Umekaa ndani ya mikono hiyo tangu mwaka jana. Kutwa unaona mkasi unavyokwenda. Utakosaje kujifunza kazi?

— Ala!

— Sasa je? Fundi amelala, wenyewe unaamka, unakaa kwenye cherehani. Ndiyo maana mwenzetu anaamka hoi. Mwili umefanya kazi, yeye hana habari.

— Na unamshonea nani? aliuliza Shemeji.

Redio ndiye aliyejibu, naye safari hii hakuwa anatia chumvi. Alionekana kujiogopa mwenyewe.

— Unajishonea. Umechoka kukaa ndani, unataka kutoka. Na hauwezi kutoka uchi.

Futi alitazama mikono yake iliyolala mapajani. Kwenye ncha ya kidole cha shahada palikuwa na vidoto vyekundu vya sindano. Vilikuwa vibichi, na hakukumbuka amevipata lini. Alikikunja kidole wasikione.

Hapo ndipo mama mmoja, mgeni kabisa mtaani, alipokata kona na mkoba begani, akasimama mbele yao.

— Hamjambo? Samahanini, fundi ni nani hapa? Natafuta shati lililo tayari. Mume wangu anaanza kazi Jumatatu na yote aliyonayo yamechakaa.

— Yapo manne nyuma ya pazia, mama, alisema Redio kabla fundi hajafungua mdomo. Ingia tu, chagua.

Futi alitaka kumzuia, akachelewa. Mama aliingia. Walisikia pete za pazia zikikwaruza juu ya waya. Shemeji alishika ukingo wa benchi. Birika alisahau birika limeinama, kahawa ikamwagika majivuni.

Mama alitoka ameyabeba yote mkononi, akayatandaza kwenye benchi, juani.

— Kitambaa kizuri, alisema. Ila hayatamfaa, mume wangu ni mpana. Haya yote ni ya mtu mmoja, siyo?

— Umejuaje? aliuliza Shemeji.

— Kola ni ile ile, mfuko ni ule ule. Halafu angalia hapa. Kila shati bega la kushoto lina vifungo vitatu. Ukivifungua, bega lote linabaki nje na shati hulivui. Bega la kulia halina. Ni mtindo gani huu? Wa kazi gani?

Redio alikuna shingo. Shemeji alimtazama Birika.

Futi alijua kabla kidole cha mama hakijaondoka kwenye kifungo cha tatu. Mtu anayeona haya kuvua shati mbele ya watu angeshona hivyo hivyo. Na angechagua mkono wa kushoto, maana wa kulia ndio unaoshika mkasi.

— Ni mashati ya kuchanjiwa, alisema. Ni yangu.

— Umekumbuka?

— Sikumbuki kitu. Lakini najijua. Nikiamka mzima, nasema leo naenda. Nikifika mlangoni naionea haya mikono hii, nasema ngoja kwanza nishone shati. Siku nzuri yote inaishia kwenye cherehani. Kesho yake siwezi hata kugeuka kitandani. Nikija kuinuka, kichwa kimefuta kila kitu.

Aligeukia benchi.

— Hili swali la chanjo, nimewahi kuwauliza kabla ya leo?

Birika aliinamia jiko, akapuliza makaa.

— Shemeji, nakuuliza wewe.

— Umewahi, shemeji.

— Mara moja?

— Kila ukiamka vizuri.

— Mkanijibu nini?

Redio, ambaye hajawahi kushindwa kusema, alisema kwa sauti ndogo:

— Tulikwambia subiri.

— Na mbona hamkuniambia kwamba nimeshauliza?

— Dada yako alitukataza, alisema Shemeji. Alisema tukikukumbusha unavyosahau tutakuvunja moyo. Tuliona haya, ndugu yangu. Basi kila mara tulijibu kama vile ni mara ya kwanza.

Futi hakuwakasirikia. Aliwaonea huruma, akajionea huruma na yeye, watu wazima wamekaa wanaoneana haya huku siku nzuri zinakwisha.

Mama hakuwa akiwasikiliza sana. Alikuwa anayapanga mashati moja juu ya jingine, kola kwa kola, kama mnunuzi anayelinganisha.

— Lakini mbona hayalingani? alisema. Hili la chini ni la mtu mwenye kifua chake. Linalofuata limepungua. Hili limepungua tena. Na hili la juu...

Alipitisha kiganja kutoka bega hadi bega, na kiganja hakikuwa na safari ndefu.

— Huyu mtu anakwisha. La tano mtalishona la kipimo gani?

Aliuliza tu, bila nia mbaya. Kisha akainua macho, akaona jinsi shati alilovaa fundi lilivyomning'inia, na mkono ukamwenda mdomoni.

— Nisamehe, baba. Sikujua.

Redio aliangalia chini. Futi, ambaye hajawahi kushindwa kumpima mtu, alilitazama lile rundo na jicho lake likaanza kazi yake lenyewe, kola, mabega, kifua, likashuka kutoka la kwanza hadi la nne, likaendelea kushuka. Alilifumba.

Alichukua shati la juu, akaingia nyuma ya pazia, akatoka amelivaa. Shingoni tayari lilikuwa limemzidi kidogo. Vifungo vya begani hakuvifunga. Bega lilikuwa nje, mfupa mtupu, mchana kweupe, mbele ya watu na barabara nzima. Mama alinyoosha mkono amfungie.

— Acha, mama. Liache wazi.

— Nikusindikize, alisema Shemeji, amekwisha simama.

— Ukinisindikiza utanishauri njiani.

— Sitasema neno!

— Kaa, shemeji. Nakujua.

— Na kesho ukishindwa kuinuka kitandani? aliuliza Redio.

— Nitalala nimechanjwa.

— Kahawa yako je? aliuliza Birika.

— Mpe mama. Mimi siisikii harufu.

Akaondoka. Alitembea polepole kama daktari alivyomfundisha, hatua, pumzi, hatua, pumzi. Alipofika kwenye kona moyo ulianza kumwenda mbio, akasimama apumzike. Watu walimpita kushoto na kulia. Mbele yake barabara kubwa ilikwenda pande mbili.

Na hapo hapo ikamponyoka. Alitazama upande huu, akatazama upande ule. Ametoka nje kufanya nini? Aligeuka nyuma. Wenzake walikuwa wamesimama wote, pamoja na mwanamke mmoja asiyemjua, wanamtazama. Shemeji alikuwa amefungua mdomo na hakuna sauti iliyotoka. Futi aliwaonea ajabu. Wameona nini hawa?

Upepo ulipita, bega la kushoto likapata baridi. Alipeleka mkono pale kufunga shati lake, akakuta ngozi, akakuta vifungo vitatu vilivyoachwa wazi na mtu aliyejua kwamba atasahau. Alivihesabu kwa kidole, kimoja kimoja. Kisha akakata kushoto, akashika njia ya posta.