Verlyn Tollefsrud, Mbwa Dagny na Nyumba Isiyopitisha Upepo

Leo tunamsindikiza Verlyn Arvid Tollefsrud, aliyezaliwa tarehe 9 Februari 1946 shambani kwa wazazi wake, nje kidogo ya Nordby, Minnesota, siku ambayo theluji ilifika madirishani na mkunga akaletwa kwa trekta. Alikuwa mtoto wa tatu, na dada zake wanashuhudia kwamba kwa ukaidi alikuwa wa kwanza.

Alimaliza sekondari ya Nordby mwaka 1964. Chuo alikichungulia muhula mmoja, akarudi akisema kule hakuna anayejua kushika koleo. Tangu 1965 hadi 2011 alifanya kazi katika ghala la nafaka, na vumbi la mahindi na soya alilila kuliko chakula. Barakoa aliyopewa aliitundika ndani ya lori lake, ikawa pambo.

Tarehe 17 Juni 1972 alimuoa Ardis Kvamme katika kanisa hili hili, wakajaliwa binti mmoja, Janelle. Ardis ni mke mwenye wivu. Mwenyewe ameagiza hilo lisomwe hapa mbele, kuliko linong'onwe wakati wa kahawa ya baada ya ibada, huko chini ya kanisa. Kwa miaka arobaini wivu huo ulikosa kazi, maana Verlyn hakuwa mwanamume wa kugeukiwa shingo. Ndipo mwaka 2012 akaleta nyumbani Dagny, mbwa jike mweupe mwenye manyoya ya kujaza godoro.

Mtu aliyekuwa akimjibu mkewe kwa mguno alisikika jikoni asubuhi akisema, "Umelalaje, malkia wangu?"

"Vibaya, mgongo unaniuma!" Ardis akajibu toka chumbani.

"Namuuliza Dagny."

Usiku wa siku hiyo Dagny alilala kitandani, katikati yao.

Kila Oktoba marehemu aliziba madirisha kwa plastiki, akaikaza kwa mashine ya mkewe ya kukaushia nywele, hata mluzi wa upepo usipite. Nordby nzima ilimsifu kwa hilo. Kichujio cha tanuri la kupashia nyumba joto hakununua kipya. Alikipigapiga kwenye ngazi za nje, akakirudisha. Basi vumbi na manyoya vilizunguka humo ndani mpaka Mei, na Verlyn akivivuta. Alianza kukohoa mwaka 2014. Mwaka uliofuata ngazi za kwake mwenyewe zikamshinda.

"Vumbi la ghalani lilishayachosha mapafu yako, mzee," daktari akamwambia. "Sasa unayamalizia nyumbani. Tatizo si manyoya yenyewe tu. Ni magamba ya ngozi ya mbwa na mate yaliyokaukia humo, pamoja na vidudu vya vumbi kwenye zulia na mito. Ukivivuta, njia za hewa zinavimba."

"Kwa hiyo mbwa aondoke?" Ardis akauliza, kwa sauti ambayo daktari aliidhania ni ya huzuni.

"Ingesaidia sana."

Dagny akahamia kwa Bernadine Haugrud, mjane wa mtaa wa pili, fundi wa kuoka. Verlyn naye akaanza "kwenda kumtazama mbwa" kila siku, akirudi na harufu ya siagi na sweta jeupe kwa manyoya. Kikohozi kikabaki palepale. Ardis alimeza hilo mpaka Jumapili moja ya mwaka 2016, mlangoni pa kanisa.

"Mumeo hana shida, mwenzangu," Bernadine akamwambia. "Anakaa tu na sisi."

"Ninyi na nani?"

"Mimi na Dagny."

"Basi leo utakaa mwenyewe."

Alasiri hiyo Ardis alirudi na mbwa, akamsomea mumewe masharti. "Chumbani hatii mguu. Zulia linatoka. Plastiki inatoka. Kichujio kinanunuliwa kipya, shuka zinafuliwa kwa maji ya moto, na kumchana manyoya ni nje, tena nitamchana mimi."

"Na baridi je?"

"Utavaa koti. Ukifa, huyu utamwachia nani? Bernadine?"

Verlyn alicheka mpaka akashika ukuta.

Mapafu yaliyokwisha kuharibika hayakupona, lakini kikohozi kilipungua, akapata miaka sita ya kutembea mwenyewe hadi kwenye sanduku la barua. Mapema Januari 2023 alipatwa na homa ya mapafu, na alfajiri ya tarehe 19 alifariki hospitalini, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe, ambaye siku hizo hakutaka kugawana zamu hata na bintiye.

Ameacha mjane wake Ardis, binti yao Janelle na mume wa Janelle, wajukuu wawili, dada wawili, na Dagny.

Jana, wakati wa kuaga mwili, Bernadine alisema kwa wema, "Ardis, na wewe una mapafu ya kulinda. Mbwa nitamchukua mimi."

"Hapana," Ardis akamjibu. "Huyu analala mlangoni akimsubiri Verlyn. Nyumba nzima hakuna mwingine anayemsubiri isipokuwa mimi."

Verlyn apumzike salama, na pumzi isimpungukie tena.