Elinami wa Kaboni, Mtu wa Kupima Mara ya Pili

Ndugu, marafiki na majirani zetu wa mtaa wa Xiaobei, mimi ni Loyce, dada mkubwa wa marehemu. Nimepewa kusoma maisha yake hapa Guangzhou kabla mwili haujasafirishwa kwenda Machame, ambako wazee wanatusikiliza kwa simu. Kuna aya moja waliniagiza niiruke. Tutaifikia.

Marehemu Elinami alizaliwa tarehe 14 Agosti 1991 huko Machame, wilaya ya Hai, mtoto wa pili wa mama yetu, Bertila, na hayati baba yetu. Kwetu hatuamini upesi. Mama akiletewa maziwa huyaonja kwanza, hata yakitoka kwa dada yake wa tumbo moja. Elinami alirithi moyo huo mzimamzima.

Alisoma shule ya msingi kijijini, sekondari Moshi, kisha kemia Dar es Salaam, akahitimu mwaka 2015. Mwaka 2018 alipata ufadhili wa kuja huku, na tangu 2021 alikuwa akisomea uzamivu.

Kazi yake ilikuwa elektrodi za kaboni, vile vijiti vyeusi vya kupitisha umeme ndani ya kimiminika. Alinieleza kwamba kaboni ile ile, kwa umeme ule ule, ukiitia kwenye maji hutoa mapovu mapema, lakini kwenye asetonitrili kavu, kiyeyusho kisicho na tone la maji, hutulia kimya. "Kwa hiyo, dada, kabla hujailaumu kaboni, uliza imezamishwa wapi." Machi 2023 vipimo vyake viliharibika, asetonitrili yake ilionyesha dalili za maji. Akamshuku Respicius, mwenzake wa maabara kutoka Bukoba. Respicius yuko pale, na husimulia mwenyewe: "Alikuwa ananinyemelea kama paka! Nikamwambia, bwana mkubwa, mimi maji nakunywa, siyamwagi kwenye chupa za watu." Kumbe mhalifu alikuwa hewa. Msimu ule hapa hata kuta hutoka jasho, na chupa ikifunguliwa hunyonya unyevu. Elinami alimpikia ndizi nyama, wakacheka yakaisha.

Ndoa ndiyo aya yenyewe, na siiruki. Tarehe 8 Julai 2023, Machakos, marehemu alifunga ndoa na Mueni, mfanyabiashara anayenunua nguo hapa mjini, soko la Shisanhang, na kuzipeleka Nairobi. Hawakujaliwa mtoto.

Novemba 2024 alianza kukonda. Tukipiga simu, Mueni anasema amelala, anaoga, ametoka. Tukasikia pia anapikiwa chungu chake peke yake. Alipofariki tarehe 9 Aprili 2025, nyumbani wakasema waziwazi kwamba amelishwa sumu na mkewe, tena dawa za maabarani. Mimi nilipanda ndege nikiamini hivyo hivyo. Nilinusa kila kikombe jikoni kwake.

Nikaenda kwa daktari, Respicius akanitafsiria: saratani ya ini, na chakula kisicho na chumvi ni kwa sababu tumbo lilikuwa linajaa maji. Nikamshuku na Respicius. Nikarudi na Anita, Mkenya anayesomea udaktari, asiyemjua yeyote kati yao. Jibu likawa lile lile. Ndipo nikamwuliza Mueni kwa nini alituficha.

"Dada, yeye ndiye alinikataza," akasema. "Alisema presha ya mama itapanda. Ningefanya aje?"

Nililia kwa uchungu, na kwa hasira juu ya mdogo wangu aliyetuona hatuwezi kuubeba ugonjwa wake.

Marehemu ameacha mama, dada mmoja, na mjane wake, Mueni. Wazee wangu wa Machame, jina hilo nimelisoma kwa makusudi. Jumamosi nitateremka na Mueni uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Mwenye shaka aje kwangu, asimguse yeye. Na yakiitwa mashada kaburini, la kwanza ataweka Mueni.

Lala, Elinami. Mungu akupe amani yake.